Kuogelea Ziwa Bunyonyi kwa Usalama: Mwongozo kwa Mgeni Aliyezoea Bahari

Ziwa Bunyonyi liko kusini-magharibi mwa Uganda, kilomita chache kutoka mji wa Kabale na karibu na mpaka wa Rwanda, katika kimo cha mita 1,962 hivi juu ya usawa wa bahari. Lilizaliwa pale lava ya volkano ilipoziba bonde la mto, maji yakapanda na kujaa kati ya milima, na vilele vya vilima vilivyosalia juu ya maji ndivyo visiwa vyake vya leo, ambavyo huhesabiwa kuwa 29. Mgeni anayefika huko huambiwa na kila mtu, kuanzia dereva wa bodaboda hadi mhudumu wa kambi, kwamba ziwa hili halina mamba, halina kiboko wala halina kichocho, na kwa hiyo linaogeleka bila wasiwasi. Habari ya mamba na kiboko unaweza kuiamini, na ya kichocho nitaieleza mbele. Hata hivyo, sifa hiyo njema ndiyo inayowaponza wengi. Mtu akishahakikishiwa kwamba hakuna mnyama wa kumla, huvua shati na kujitosa kana kwamba hakuna kingine cha kuogopwa, ilhali hatari kubwa katika ziwa kama hili ni maji yenyewe: kina kinachoanza ghafla, ubaridi unaopunguza nguvu taratibu, umbali unaodanganya macho, na kuwa peke yako pale nguvu zinapokwisha.

Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria msomaji anayejua kuogelea tayari, aliyejifunza baharini Tanga, Mombasa au Unguja, au katika bwawa la hoteli mjini, na ambaye sasa anataka kuogelea ziwani mita mia kadhaa au zaidi. Asiyejua kuogelea asianze kujifunzia Bunyonyi, kwa sababu sehemu za kusimama na maji ya kiunoni ni chache mno.

Maji haya si ya bahari

Tofauti ya kwanza utaihisi mara tu unapojilaza majini. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi kwa sababu ya chumvi, wakati lita ya maji ya ziwani haizidi kilo moja, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuufanya mwili uelee chini zaidi, miguu ikazama na kinywa kikawa karibu sana na maji. Mimi nilijifunza kuogelea baharini, na asubuhi yangu ya kwanza Bunyonyi nilimeza maji mara tatu kabla sijaelewa kwamba sikuwa nimesahau kuogelea, ila kwa miaka yote ile chumvi ilikuwa imenibeba bila mimi kujua. Marekebisho yake si magumu. Kandamiza kifua kidogo kuelekea chini ili nyonga na miguu vipande, geuza kichwa zaidi kidogo unapovuta pumzi, na utumie robo saa ya mwanzo ukienda na kurudi kando ya gati, mahali ambapo unaweza kushika mbao wakati wowote.

Tofauti ya pili ni hewa. Katika kimo cha karibu mita 2,000, shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, maana yake kila pumzi inaleta oksijeni pungufu. Anayetembea barabarani huenda asitambue hadi apande mlima, lakini mwogeleaji hutambua mapema, kwa sababu hapumui anapotaka bali pale kichwa kinapotoka majini. Aliyezoea kupumua kila baada ya mikono mitatu apumue kila baada ya miwili, na aliyezoea kilomita moja aridhike na nusu yake kwa siku mbili tatu za mwanzo. Ukifika Kabale jioni kwa basi baada ya safari ndefu, usiku huo si wa kuogelea, wala asubuhi inayofuata si ya kujipima na mtu.

Ubaridi unahitaji maelezo marefu zaidi, maana ndio usioaminika hadi umpate mtu. Maji ya juu ya Bunyonyi, mchana wenye jua, hayana baridi kali ya maziwa ya Ulaya, na ule mshtuko mkubwa unaomfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila hiari hutokea zaidi maji yanapokuwa chini ya nyuzi 15 za Selsiasi. Kwa hiyo mtu huingia, hutetemeka kidogo, kisha huzoea na kudhani mambo yamekwisha. Hayajaisha, kwa kuwa maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, na mwili uliozoea bahari ya nyuzi 27 au 28 huendelea kupoteza joto hata pale ngozi inapoacha kulalamika. Dalili za mwanzo huonekana mikononi: vidole vinaachana na huwezi kuvikutanisha, kiganja hakishiki maji vizuri, na mikono inayovuta inakuwa mizito. Baadaye hufuata kutetemeka, kisha maneno kutoka kwa shida na mtu kufanya maamuzi ya ajabu, kama vile kusisitiza kuendelea wakati kila mtu anaona amechoka. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hali hiyo huitwa haipothemia, na aliyefikia hapo huweza kushindwa kujiokoa mwenyewe. Kanuni ninayoitumia ni kutoka majini kwenye dalili ya vidole, bila kungoja mtetemeko, na kutozidisha dakika 20 katika siku za mwanzo hata nikijisikia vizuri kiasi gani.

Jua nalo lisisahauliwe kwa sababu ya baridi. Kadiri unavyopanda mita 1,000, mionzi inayochoma ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10, na mgongo wa mwogeleaji uko juani muda wote.

Kuchagua mahali na saa

Utasikia kwamba Bunyonyi lina kina cha mita 900 na kwamba ni la pili Afrika kwa kina. Maneno hayo yamechapishwa mara nyingi katika vipeperushi vya watalii, lakini vipimo vya kitaalamu vinataja mita 40 na ushei. Kwa mwogeleaji ubishi huo hauna faida, kwa kuwa mita nne zinamzamisha mtu sawasawa na mia tisa. Anachopaswa kujua ni umbo la ufuo, na hilo linasomeka kwa macho: ziwa hili ni bonde lililofurika, kwa hiyo mteremko unaouona juu ya maji ndio huo huo unaoendelea chini yake. Mahali ambapo shamba la matuta linashuka wima hadi ukingoni, hatua yako ya pili majini haitapata ardhi. Mahali ambapo ardhi inalala kabla ya kufika ziwani, huenda ukapata pa kusimama, ingawa hapo mara nyingi ndipo mafunjo na matope yalipo.

Usiingie kwa kuruka kichwa mbele popote pale, hata kwenye gati ambalo watu wengine wanarukia. Chini huweza kuwa na miti ya kufungia mitumbwi, magogo ya zamani au nguzo za gati lililooza, na maji hayaonyeshi vitu hivyo kutoka juu. Shuka kwa ngazi au kwa kuketi ukingoni na kujiteremsha. Kabla ya hapo, hakikisha umeona mahali pa kutokea, tena pawe zaidi ya mahali pamoja, kwa sababu mtu aliyechoka hawezi kujivuta juu ya gati refu lisilo na ngazi wala kupenya ukuta wa mafunjo. Mafunjo na mimea ya majini ukijikuta ndani yake, usipige miguu kwa nguvu, maana ndivyo inavyozidi kukuzonga. Lala chali, tulia, na urudi ulikotoka kwa kusukuma maji kwa mikono polepole.

Saa nzuri ni asubuhi baada ya ukungu kuinuka. Kabla ya hapo ziwa huwa limetulia kama kioo na linavutia sana, lakini aliye kwenye mtumbwi hakuoni mpaka awe amekufikia, nawe huwezi kuona ufuo unaouendea. Alasiri upepo huamka kati ya milima na kuleta mawimbi mafupi yanayogonga uso. Siku za soko, mitumbwi na boti za injini huongezeka karibu na gati la Rutinda, na asubuhi na jioni za siku za shule kuna wanafunzi wanaovushwa kati ya nchi kavu na visiwa, kikiwemo Bwama, ambako zamani kulikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma na leo kuna shule. Njia hizo za boti ziulizie na uziepuke. Kiswahili kitakufikisha mbali kwa madereva na wafanyabiashara, lakini kando ya ziwa lugha ni Kikiga, kwa hiyo ni vyema kumwomba mtu wa kambi akuulizie badala ya kuridhika na kuitikiwa kwa kichwa.

Ngurumo ikisikika, hata kwa mbali na huku juu yako kukiwa na jua, toka majini papo hapo, na usirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kichwa cha mwogeleaji ndicho kitu kilichoinuka katika uwanda mzima wa maji, na mashariki mwa Kongo, ng'ambo tu ya milima ya Virunga, ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba ni ya mvua, na tufani hujikusanya nyuma ya mlima bila wewe kuiona, kisha ikakufikia ukiwa katikati ya safari. Mvua kubwa pia huteremsha udongo na uchafu kutoka mashambani na makazini, kwa hiyo maji yakiwa ya kahawia subiri siku moja au mbili.

Mtumbwi wa kukusindikiza

Kama kuna jambo moja ambalo nisingekubali mtu aliache kwa sababu ya bei, basi ni mtumbwi wa kumsindikiza. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya safari nzima, na wapiga kasia wa Bunyonyi wanalijua ziwa hili tangu utotoni. Hata hivyo, kukodi mtumbwi hakutoshi usipokubaliana na mwenyewe kuhusu kazi. Safari moja nilimkodi kijana, tukaelewana bei na upande wa kwenda, nikaingia majini nikiwa na imani kamili. Nilipoinua kichwa baada ya muda, alikuwa mita mia mbili nyuma yangu, amenipa mgongo, mtumbwi wake umekutana na wa rafiki zake na mazungumzo yamenoga. Sikumlaumu, kwa sababu nilikuwa nimemwambia tunakwenda wapi na sikumwambia anatakiwa kufanya nini.

Kwa hiyo mweleze mambo haya kabla ya kuondoka, na umwombe ayarudie kwa maneno yake. Akae upande ule unaogeuzia uso unapopumua, kiasi cha mita tano kutoka kwako, asitangulie wala asiachwe nyuma. Mkono mmoja ulioinuliwa wima na kutulia maana yake ni kwamba unamhitaji haraka. Mkono unaogusa utosi maana yake uko salama. Akipuliza filimbi, unasimama na kumtazama. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu hali ya hewa na boti zinazokuja, wala hatakiwi kukuonea haya akitaka kukwambia urudi. Muulize pia kama anajua kuogelea. Usishangae akikujibu hapana, maana watu wengi wanaoishi kwa mtumbwi hawajui, na ikiwa ni hivyo lazima avae jaketi la kuokolea maisha kabla hamjaachana na gati.

Ndani ya mtumbwi kuwe na jaketi lako pia, kamba ya mita 15 au zaidi, blanketi, nguo kavu, simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopenya maji, na dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kinachokaza. Dumu hilo linadharaulika kwa kuwa tunalibebea maji kila siku, lakini likiwa tupu na limefungwa vizuri linaweza kumshikilia mtu mzima juu ya maji kwa muda mrefu, tena linapatikana katika kila nyumba ya ukingoni.

Ukichoka, usijaribu kupanda mtumbwi kwa ubavuni. Mitumbwi mingi ya hapa imechongwa kutoka gogo moja na tumbo lake ni la mviringo, kwa hiyo hupinduka kirahisi, na hapo utakuwa umeongeza mtu wa pili majini. Shika mwisho wa nyuma, lala tumbo au chali, na umwache mpiga kasia akuvute hadi ufuoni. Kwa sababu hiyo hiyo ya umbo, rafiki yako ambaye hajawahi kupiga kasia hafai kuwa msindikizaji: wageni wakipewa mtumbwi wa Bunyonyi kwa mara ya kwanza huishia kuzunguka pale pale, jambo ambalo wenyeji hulitazama kwa furaha kubwa.

Wewe mwenyewe uvae kofia ya kuogelea yenye rangi kali kama chungwa, waridi au njano, kwa kuwa ya bluu na ya kijani hupotea majini, na uvute boya dogo lililofungwa kiunoni. Asiye na boya la dukani anaweza kutumia dumu tupu la lita tano lenye kifuniko kilichokaza, kwa kamba ya mita moja na nusu na fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Boya hilo halikusaidii kuogelea. Linakufanya uonekane, na linakupa kitu cha kukumbatia unapotaka kupumzika.

Ukiwa majini

Ogelea sambamba na ufuo, si kuelekea ng'ambo. Umbali wa mita 20 hadi 30 kutoka ukingoni unatosha kukuepusha na mimea, na bado unaweza kugeuka wakati wowote ukafika nchi kavu. Jambo hili huwa gumu kukubalika kwa sababu visiwa vinaita. Hewa ya milimani ikiwa safi, kisiwa huonekana kiko hapo tu, na macho hayana nyumba wala mti wa katikati wa kupimia. Mfano wa kusikitisha wa maji yanayoonekana mafupi ni Akampene, kisiwa kidogo chenye mti mmoja na nyasi, ambako zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa walikuwa wakitelekezwa. Hakukuhitajika ukuta, kwa kuwa wengi wao hawakujua kuogelea. Unapokipenda kisiwa fulani, pima umbali wake kwa ramani ya simu kabla ya kuingia majini, uzidishe mara mbili kwa ajili ya kurudi, na ujiulize kama uliwahi kuogelea kiasi hicho mahali pa kimo hiki. Kama jibu ni hapana, nenda kwa mtumbwi na uogelee kukizunguka ukiwa karibu na ukingo wake.

Ingia polepole: maji yakifika kifuani au ukiwa umeshika ngazi, lowesha uso na shingo, ngoja dakika mbili tatu hadi pumzi itulie, ndipo uanze. Anza kwa kuelekea upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi, nguvu zikiwa zimepungua, upepo uwe unakusukuma. Inua macho kila baada ya mikono sita au minane na utazame alama moja kubwa iliyoko juu ya ufuo, kama kundi la mikaratusi au paa la bati linalometa, na si mtumbwi, kwa kuwa mtumbwi nao unasogea.

Misuli ya shavu la mguu ikikakamaa, geuka chali, nyoosha goti na uvute vidole vya mguu kuelekea kwako hadi ilegee, kisha umalizie safari kwa mikono. Hofu ikikushika, iwe kwa kumeza maji au kwa kugusa kitu usichokijua, fanya vivyo hivyo: lala chali, masikio ndani ya maji, mikono imetanuka, usijaribu kwenda popote mpaka pumzi irudi. Kitu hicho usichokijua kwa kawaida huwa ni mmea. Ukiona kichwa cha rangi ya kahawia kikitazama na kuzama, ni fisi maji, naye anakuogopa kuliko unavyomwogopa.

Aliyekunywa pombe asiingie majini. Waragi ya jana usiku ambayo bado inagonga kichwani asubuhi nayo imo katika katazo hili.

Mwenzako akipatwa na shida

Anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Anasimama wima majini, kichwa kimerudi nyuma, kinywa kinapanda na kushuka usawani mwa maji, mikono inakandamiza pembeni, na macho hayajibu unapomwita. Muda ulionao kabla hajazama huweza kuwa chini ya dakika moja. Kwa hiyo ukimuuliza mtu kama yuko salama na asikujibu, chukulia kwamba hayuko salama.

Usimrukie. Hofu humpa mtu nguvu ya kumzamisha anayemwokoa, na ndiyo sababu mara nyingi hufa wawili pale alipokuwa akizama mmoja. Kama yuko karibu na ukingo, lala kifudifudi na umnyooshee kafi, mti au kitenge. Akiwa mbali zaidi, mrushie dumu lililofungwa kamba. Akiwa mbali kuliko kamba, mfuate kwa mtumbwi na umpe sehemu ya nyuma ashike.

Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo ili kutoa maji, desturi ambayo bado naiona sehemu nyingi. Inapoteza sekunde za thamani na kusababisha matapishi kuingia kwenye mapafu. Mlaze chali mahali pagumu, inamisha kichwa chake nyuma kidogo, ziba pua yake na umpulizie pumzi tano kinywani, kila moja ikiinua kifua. Asipoonyesha uhai, kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha sentimita tano hadi sita na kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi mbili, na kuendelea hivyo bila kukoma. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha kinywa, endelea. Wakati huo mtu mwingine apige simu 999 au 112 na kutafuta gari la kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kabale. Hata aliyezinduka na kusema yuko mzima apelekwe, hasa kama anakohoa au anahema haraka, kwa sababu maji yaliyoingia kwenye mapafu huweza kumzidishia hali saa kadhaa baadaye.

Usihamishe sifa za Bunyonyi kwenda ziwa jingine

Kosa ambalo hufanywa na waliofurahia Bunyonyi ni kudhani kwamba kila ziwa la milimani liko hivyo. Ziwa Chala, lililo ndani ya kreta upande wa mashariki wa Kilimanjaro, nusu Rombo na nusu Taveta, lina maji mazuri kuliko mengi niliyoyaona, na mwaka 2002 mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuwa akiogelea humo aliuawa na mamba. Kuta zake pia ni za mawe na zinapanda wima, kwa hiyo hata bila mamba pangekuwa pagumu kutoka. Kule mimi hutazama tu kutoka juu.

Ziwa Kivu lina jambo tofauti kabisa. Katika vilindi vyake kumeyeyuka gesi nyingi za kaboni dioksidi na methani, ambazo kwa kawaida hukaa chini na hazimfikii anayeogelea juu. Hatari ya kila siku iko ufuoni. Upande wa kaskazini, karibu na Goma, kaboni dioksidi hutoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni na kwenye mashimo ya kando ya ziwa, haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Watu wa huko wanaiita mazuku, na wanajua mahali inapolala kwa kuona panya na ndege waliokufa. Huua zaidi asubuhi isiyo na upepo. Kwa hiyo Goma usiogelee kwenye ghuba ndogo iliyozingirwa na mawe bila mwenyeji kukuruhusu, usilale chini kupumzika katika shimo lolote la ufuoni, na ukiona mwenzako ameanguka ndani ya shimo usishuke kumfuata bila kamba na watu wa kukuvuta.

Baada ya kutoka

Mwili huendelea kupoa kwa dakika kumi au zaidi baada ya kutoka majini, kwa kuwa damu ya mikononi na miguuni iliyopoa inarudi ndani. Ndiyo maana mtu hutoka akicheka na dakika chache baadaye akatetemeka kiasi cha kushindwa kushika kikombe. Vua nguo mbichi mara moja, jifute, vaa nguo kavu ukianzia kifuani na kichwani, kaa mahali pasipo na upepo na unywe chai yenye sukari. Usikimbilie maji ya moto sana, na usipande bodaboda ya kurudi Kabale mpaka mtetemeko uishe, kwa kuwa upepo wa barabarani utakurudisha ulikotoka.

Sasa kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, hasa saa za jua kali katikati ya mchana na karibu na mimea ya ukingoni. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba Uganda haina maambukizi katika maeneo yaliyo juu ya mita 1,400, na sifa ya Bunyonyi inaafikiana na imani hiyo. Lakini utafiti uliofanywa magharibi mwa Uganda umeonyesha kwamba kimo hicho si mpaka wa kutegemewa, kwani maambukizi yamepatikana juu yake. Sioni sababu ya kumkataza mtu kuogelea Bunyonyi kwa ajili hiyo. Naona sababu ya kupima, tena kupima kwa wakati unaofaa, maana kukimbilia hospitali wiki moja baada ya safari hakusaidii: minyoo michanga haionekani kwa vipimo vya kawaida, na dawa ya prazikwanteli huua zaidi minyoo iliyokomaa. Subiri wiki sita hadi nane, kisha umweleze tabibu jina la kila ziwa na mto ulioingia, pamoja na tarehe. Ukipata homa, vipele vinavyowasha au kikohozi kabla ya muda huo, nenda mapema na useme kwamba uliogelea, kwa sababu asipoambiwa, tabibu huenda akaanza na kuishia kwenye kipimo cha malaria.